Sharifu Niliyemzika kwa Mdomo

Nianze kwa kukiri, maana nikizungukazunguka nitaanza kujitetea. Nilisema uongo mbele ya kamati ya kaunti, hadharani, kipaza sauti mkononi, tena baada ya dua ya kufungulia kikao. Hakuna aliyenilazimisha.

Jina langu silitaji. Wa hapa Kilifi watanitambua wakifika katikati ya habari hii. Nyinyi wa Malindi na Mambrui nawaomba mniache nipite sokoni kwa amani.

Mimi ni mjane. Nina vyumba vya kupangisha karibu na chuo kikuu, marehemu mume wangu alivijenga kwa mikono yake, na ndivyo vinavyonilisha. Wapangaji wangu ni wanafunzi. Si vyumba vya fahari. Choo ni kimoja na bomba liko uani, lakini mwanafunzi akichelewa kuamka, akitoka mbio bado atamkuta mwalimu mlangoni.

Kisha tukasikia mwekezaji amenunua kiwanja cha jirani. Anataka kujenga ghorofa: chini maduka, duka la dawa, kinyozi na soko dogo la wauzaji wa vyakula, juu vyumba vya wanafunzi, kila chumba na choo chake. Niliposikia hayo ya kila chumba na choo chake, nilianza kuwahesabu wapangaji wangu. Nani atabaki kwangu?

Kaunti ikaitisha kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Nilikwenda na shoga yangu Riziki, tuliyesoma madrasa pamoja. Riziki huuza viazi vya karai kando ya lango la chuo, chini ya mwavuli uliochanika. Askari wa kaunti wakija, huukunja mwavuli na kukimbia na karai yenye mafuta ya moto, mwanamke mtu mzima. Lile soko la chini alilitaka kuliko kitu chochote, kwa kuwa aliahidiwa kibanda.

Alisimama mapema. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sijui mambo ya ramani," alisema. "Nataka paa tu. Mvua ikinyesha, viazi vyangu vyajifunza kuogelea."

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, karani akaandika. Nikaona ghorofa hii inajengwa.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya vyumba vyangu, lakini niliona haya. Mtu wa makamo nisimame mbele za watu niseme naogopa kukosa wapangaji? Ningeonekana mchoyo, tena mbele ya Riziki. Nikatafuta jambo kubwa zaidi, na kwa bahati mbaya nikalipata.

"Kiwanja kile kina kaburi la sharifu," nilisema.

Karani akaacha kuandika. Kwetu pwani kaburi la sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume, si jambo la mchezo. Watu hulizuru na kuliombea dua, na hata wale wasiokubali ziara hawathubutu kulimwagia zege.

"Sharifu gani, mama?" mwenyekiti akauliza.

Sikuwa na jina. "Wazee wetu hawakulitaja jina lake, kwa heshima."

"Na kaburi liko upande gani?"

"Pale pembeni, penye lundo la mawe."

Jamani, lile lundo la mawe nalijua mimi. Ni kifusi. Mume wangu alikitupa pale alipochimba shimo la choo chetu, na mimi ndiye niliyempelekea uji siku ile akiwa shimoni.

Riziki aliinuka tena. "Kama ni hivyo, nafuta maneno yangu," alisema. "Siwezi kukaanga viazi juu ya walii wa Mungu."

Nilimtazama na sikusema neno. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa woga. Huku kunyamaza kulikuwa kwa kusudi, na ndiko kunakoniuma zaidi.

Kamati ikaahirisha uamuzi mpaka jambo lichunguzwe. Nikarudi nyumbani nikala vizuri, Mungu anisamehe.

Haukupita muda, lundo likaonekana limepakwa chokaa. Ikaja bendera. Wakaja wanawake na marashi na ubani. Na kwa kuwa mimi sikumpa jina, wakampa wao: Sharifu Asotajwa. Kila aliyefika alitaka nimsimulie habari zake. Mama mmoja aliniuliza kama alikuwa mrefu au mfupi. Nikasema wa wastani. Nilishangaa mwenyewe nilivyojibu upesi.

Maalim wa msikiti wetu naye alikuja, akalizunguka lundo, mikono nyuma.

"Bi mkubwa, mbona huyu sharifu hakuelekezwa kibla?"

"Mvua, Maalim. Mvua imelisogeza."

"Mvua ya mtaa huu ina nguvu," akasema, akaenda zake.

Alhamisi jioni likaanza kupigwa dufu. Wapangaji wangu wakanijia kwa adabu: "Shikamoo mama. Tuna mitihani, tunaomba wapunguze sauti." Nimwambie nani apunguze, na sharifu ni wangu? Halafu wageni wakishashiba halua na kahawa hutafuta choo, na choo cha karibu ni changu. Wanafunzi wakawa wanapanga foleni ya choo chao wenyewe nyuma ya watu waliokuja ziara. Mmoja alihama, na wenzake wakamfuata. Vile vyumba vilivyonifanya niseme uongo vikabaki vitupu.

Hayo nimejitakia, na ningeyabeba. Lakini kila Ijumaa, kabla ya kwenda langoni, Riziki alikuja kulifagia lile lundo na kumwagilia mrehani alioupanda mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo, nikamsikia upande wa pili wa ua akiomba. Alisema, "Ya Rabbi, kwa heshima ya mja wako huyu, nipatie pahali penye paa niuze viazi vyangu. Miguu yangu haiwezi kukimbia tena."

Nguo nikaziacha kwenye beseni. Nilizunguka ua nikamweleza yote, nikilia mpaka kamasi. Nilijionea aibu ambayo sijawahi kuijua, wala siku ya kufiwa sikulia vile.

Hakunipigia kelele. Aliukung'uta ufagio wake, akauegemeza ukutani.

"Kwa hiyo hapa pana nini, shoga?"

"Kifusi cha choo."

"Cha choo chako?"

"Changu."

Nusura acheke, nilimwona midomo ikimcheza. "Hata dua zangu umezipeleka chooni," alisema. Kisha cheko likamtoka usoni lote. "Ungenambia tu kwamba waogopa. Ningekusemea mimi."

Akauchukua ufagio wake, akaelekea langoni.

Kamati ilipokutana tena nilikwenda, nikaomba kipaza sauti, nikasema ukweli wote, hadi habari ya uji. Nilidhani nitashukuriwa. Nilizomewa. Sauti ikatoka nyuma kwamba nimehongwa na mwekezaji. Yule mama aliyeuliza urefu alisimama akitokwa na machozi, akasema mwanawe alipona homa kwa dua aliyoisoma pale, na kwamba mimi ni mtu wa kumvunjia heshima sharifu. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama," akasema, "ule uongo uliusema kwa yakini zaidi."

Na hata wangeniamini, nilikuwa nimechelewa. Mwekezaji alichoka kungoja, akauhamishia mradi wake Malindi. Mlangoni karani alinisogelea akaniambia kwa upole kwamba wenye vyumba wengine waliiambia kamati wazi kuwa wanaogopa, na walikuwa wameanza kuzungumza na mwekezaji wapangaji wagawanywe vipi. "Hilo si aibu, mama," alisema. "Ndiyo maana twaita kikao." Nilitamani anitukane badala yake.

Basi ndugu zangu, nawaomba. Ukiitwa kutoa maoni, toa la kwako, hata kama ni dogo na la tumbo lako mwenyewe. Waambie waogopa nini. Watu watakucheka kidogo, kisha watakaa kwenye viti vyao na kukusikiliza. Usimtume maiti akusemee, hasa maiti asiyekuwapo. Na aliyekaa karibu yako akianza kupoteza haki yake kwa sababu ya neno lako, usingoje mpaka umsikie akiomba dua. Msimamishe palepale.

Riziki bado yuko langoni na mwavuli wake. Jana nilikwenda kununua viazi. Alinichagulia vizuri, akazidisha ukwaju kama nipendavyo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu tena, mama mwenye nyumba," akasema, akamgeukia mteja aliyefuata.

Maisha yetu yote alikuwa akiniita shoga.