Viluwiluwi wa Kamba na Omena wa Jirani

Nilimchukia jirani yangu tangu wiki aliyohamia ploti yetu ya Kawangware, na yeye hakuchelewa kunichukia. Alikuwa mama wa kuuza omena, dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo, ameshafukuzwa ploti tatu kwa sababu ya harufu. Mimi nilikuwa mwanamume aliyemaliza Fom Foo, anayefuma masweta kitandani, miaka ya tisini hiyo, nikitoka nje tumbo likiniita tu. Kila asubuhi alianika omena kwenye gunia chini ya dirisha langu, kisha akaambia mawingu kwa sauti: "Wengine walizaliwa kulinda godoro."

Omena wake niliwanunua na kuwala, lakini. Harufu iliyoniudhi ni ya guniani. Na ile ya sufuriani hatukuwa na ugomvi. Alinifungia kwa magazeti makuukuu aliyonunua Soko la Toi, na siku moja ukurasa mmoja ulinikalisha mpaka ugali ukapoa. Ulieleza kuhusu kamba mawe, yule mkubwa wa baharini mwenye ndevu ndefu. Mayai yakishaanguliwa, viluwiluwi wake huelea juu juu kwa miezi, wanang'aa kama kioo, wakibebwa na maji, na wengi huliwa. Wanaosalia hushuka chini kutafuta pa kukaa. Kiluwiluwi akigusa mchanga mtupu hupanda tena, akajaribu kwingine, mpaka apate ufa kati ya mawe. Humo hujificha, akila kile maji yanacholeta mlangoni. Hapo nilisoma mara mbili. Sikujua kuna mnyama wa tabia yangu. Mwishoni ulisema kwamba wadogo wakikosa nyufa, au wakivuliwa kabla ya kukua, miaka ijayo mitego hutoka mitupu.

Nikaruka. Omena si ni wadogo? Basi jirani anauza watoto! Nikamwandikia mwenye ploti barua ya kurasa mbili, nikiomba mama huyo atolewe, si kwa harufu tu bali kwa kumaliza vizazi vya ziwa.

Mwenye ploti alikuja Jumamosi na barua mkononi. Alikuwa mama wa hapo hapo, shamba lilikuwa la baba yake, na samaki hajawahi kumtia mdomoni. Wapangaji wakatoka kusikiliza.

"Mama," akamwambia jirani, "huyu anasema unauzanga watoto wa samaki. Kama ni mambo ya kuniletea serikali hapa, utoke leo."

Jirani akanigeukia. "Wewe mtu wa masweta, omena akikua anakuwa nini?"

"Samaki mkubwa," nikasema. "Mbuta, pengine."

Wapangaji wa kutoka upande wa ziwa walicheka mpaka mmoja akashikilia kamba ya nguo. Jirani hakucheka. Alichagua omena mnene, akampasua kwa ukucha, akamweka mbele ya macho ya mwenye ploti. Tumboni kulikuwa na mayai madogo, yamekauka.

"Mama, umewahi kuona mtoto mwenye mimba?"

Kisha akachambua guniani, akatoa visamaki vitatu vipana. "Watoto ndio hawa. Ni wa ngege, samaki mwingine kabisa, wananaswanga pamoja na omena. Angeniuliza ningemwonyesha. Lakini kuuliza si lazima utoke kwa nyumba?"

Mwenye ploti akaikunja barua yangu mara nne. "Utakaa," akamwambia. Halafu kwangu: "Na wewe, harufu ikikushinda, vyumba viko hapo steji ya 56. Tembea utafute."

"Ahame tu," jirani akadakia. "Dada yangu anataka hicho chumba. Yeye anauza mbuta wa kukaanga."

Sikuhama, kuhama kunataka miguu. Tulikaa ukuta mmoja miaka mitatu zaidi bila kusalimiana, hata Krismasi. Siku niliyomwendea na bakuli alinitazama, akafunika gunia, akasema watoto wamekwisha. Nikaanza kununua omena stejini, kwa mama mwingine. Wake walikuwa na mchanga.