Kashindye na Ng'ombe Wasiofika

Kashindye ni jirani yangu hapa Mkolani. Anafuga kuku, anauza mayai na mchicha. Hata siku tulipomzika mumewe, Yeremia, hakulia. Watu husema ana moyo mkavu. Mimi najua ulikaukia wapi, maana tulikulia kijiji kimoja upande wa Magu.

Alipokuwa msichana alichumbiwa na Ndalahwa, kijana mrefu mwenye aibu, mchunga ng'ombe. Wazee walikubaliana, siku ya kuleta ng'ombe wa mahari ikapangwa. Siku ikapita, ng'ombe hawakufika. Baadaye zikaja habari kwamba Ndalahwa amekufa kwa homa nyumbani kwa mjomba wake. Enzi zile mambo yalikuwa na utaratibu: msichana ambaye ng'ombe wake hawajaingia zizini kwa baba yake si mjane, haketi chini na wafiwa. Kashindye alipika msibani pamoja na wasichana wengine, akaosha vyombo, akarudi kwao na machozi yake tumboni. Kilichomla miaka yote hiyo hakikuwa kifo peke yake. Hakujua kama yule mtu alikuwa anakuja kumwoa, au alibadili nia akajificha kwa mjomba.

Miaka ikaenda. Ukoo wa Ndalahwa ukapata mtoto wa kiume asiyenyamaza. Bibi mmoja akamwinamia, akamtajia majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Alipotaja Ndalahwa, mtoto akatulia, akanyonya. Ndivyo wafu wetu walivyokuwa wakirudi. Siku hizi mtoto hupewa jina lililookotwa kwenye simu, na akilia hupewa dawa. Mtoto yule, kanisani aliitwa Nestory. Akawa fundi wa kuchomelea mageti, akamwoa Gladness.

Mwaka jana kule Mabatini, kati ya saluni na duka la vocha, kulifunguliwa chumba chenye kofia ya nyaya. Ukiivaa unaona maisha uliyoishi kabla ya haya. Mimi niliidharau. Aliyempeleka Nestory ni mkewe, kwa sababu tangu waoane mumewe hajawahi kumwambia neno moja la mapenzi, naye alitaka kujua lilikwama wapi. Nestory alivua kofia akiwa amelowa jasho, akaenda moja kwa moja kwa shangazi zake kuuliza Kashindye ni nani na anaishi wapi.

Walikuja Jumapili, baada ya ibada. Nilikuwa uani kwa Kashindye, namfungia wavu wa banda.

"Shikamoo, bibi," Nestory alisema.

Gladness akaeleza kwamba huyu ndiye aliyerithi jina la Ndalahwa. Kashindye hakuitikia marahaba. Aliweka chini bakuli la pumba, akapiga magoti mbele ya kijana yule, taratibu kwa sababu ya miguu yake, kama wanawake wetu walivyokuwa wakiwasalimu waume zao. Nestory hakujua aiweke wapi mikono yake.

Akasimulia alichokiona: vumbi la njia, mwili unawaka moto, fimbo aliyoiegemea ili asianguke, kisha nyumba ya mjomba, na mjomba akiwarudisha ng'ombe walikotoka.

"Sikujificha," alisema. "Nilikuwa nakuja. Ng'ombe walikuwa mbele yangu."

Gladness alijifuta uso kwa kanga, akajaribu utani. "Kumbe nimeolewa uke wenza na sikuambiwa."

"Nyamaza, mdogo wangu," Kashindye alisema bila kuinua kichwa. "Mkubwa ni mimi."

Kisha akafungua kilemba, akanyoosha miguu kwenye udongo, akalia. Kilikuwa kilio cha zamani, cha mjane, chenye kumtaja marehemu na kumsifu. Majirani wakajaa getini, simu mkononi, wakiuliza nani amekufa.

"Mume wangu," alisema.

Walitazamana. Yeremia alizikwa zamani. Binti mmoja akauliza kama aite bodaboda tumpeleke hospitali. Hawajui tena kwamba kwenye msiba mtu huketi. Niliweka koleo chini, nikaketi. Gladness akaketi. Nestory naye akashuka kando ya mkewe na kumshika mkono mbele yetu sote.

Jua lilizama, na hakuna aliyemwambia Kashindye anyamaze.