Besi Iliyochomwa mu Mususa

Kahongya Mathe Esdras, mutoto wa Abdias mwenye kupasua mawe ya musingi wa kanisa ya kwanza ya mutaa wao wa Mususa, mu Butembo, mujukuu wa Vagheni mwenye kubeba kahawa kwa mugongo kutoka Lubero wakati batu bengine balikimbia ile kazi. Yeye alipiga gita ya besi. Baba yake angependa apasue mawe.

Grupe yake ya muziki iliitwa Pwani. Balichanganya reggae na salsa na cumbia, vile bendi za pwani ya Karibea zinafanya, vile Esdras alisikia ku kaseti ya dereva moja wa lori. Batu balimucheka: "Butembo iko na pwani gani? Ya matope?"

"Mucheze tu," alijibu. "Bahari itakuja."

Kanisa ikamutenga, sababu ya muziki ya dunia. Miaka tisa alikaa ku benchi ya nyuma, hakukula meza ya Bwana. Mutoto wake Jephté, mupiga ngoma wa Pwani, akatengwa naye.

Siku moja balitoka kupiga ku ndoa mu komine ya Ruwenzori, kule Beni. Jephté alirudi na motari, ku pikipiki yake. Fuso, lori iliyokosa breki, ikamukuta ku mutelemuko, akafa.

Sasa Esdras alitaka kitu kimoja: mutoto aimbiwe, asizikwe kama mbwa. Akaenda kwa Phinées, muzee wa kanisa.

"Sheria unaijua, Papa Jephté: mwenye kutengwa haimbiwi. Utubu kwanza. Ile chombo ichomwe mbele ya batu."

Adèle, bibi ya Esdras, akakataa: "Usichome! Huyo Phinées namujua tangu anaiba mihogo yetu."

Esdras aliichoma. Mbao ilikuwa kavu, ikawaka mbio kuliko kuni. Nyuzi zikakatika moja moja, Phinées akiomba kwa sauti. Batu bakasema Amina. Esdras akapangusa macho, akauliza kwaya itafika saa ngapi.

"Kwaya?" Phinées akamushika bega. "Wewe umetubu, tunakupokea. Lakini Jephté, yeye alitubia wapi?"

Bamama ba kwaya, bale balimubeba Jephté ku mugongo akiwa mutoto, bakaangalia viatu vyao. Balimuzika bila wimbo. Udongo ya mvua tu ndiyo iligonga sanduku.

Kufika nyumbani, Esdras akamuita binti yake Jokébed, muimbaji wa Pwani.

"Utafute besi, hata ya kuvunjika. Ujifunze. Siku nitakufa, utaipiga ku kaburi yangu, reggae na salsa yake yote."

"Na Phinées akikuja na Biblia? Nimufukuze, papa?"

"Hapana. Umupe kiti ya mbele. Asikie mpaka mwisho."