Lavelle Tuggle na Sauti ya Mkewe

Lavelle Tuggle alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na sita hapa Pine Bluff, Arkansas, na katika miaka yote hiyo sikuhitaji saa ya ukutani. Vikombe vikianza kugongana kabatini, najua ni saa tatu asubuhi na Lavelle kafungua gereji.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza maboksi ya sabufa za magari, zile spika kubwa za besi. Watu walimjia toka Little Rock, toka Memphis, wengine wakivuka mto toka Mississippi, na magari yao ya zamani yaliyopakwa rangi kama peremende. Maboksi ya kiwandani aliyaita majeneza ya kuku. Yake aliyakata mwenyewe kwa plaiwudi nene, na kila boksi alilipa tundu refu la mbao, kama mfereji, la kupitishia hewa. Siri yote ilikuwa kwenye tundu hilo. Likiwa refu, sauti inashuka, ukilifupisha, inapanda. Ukikosea hata nusu inchi, buti zima la gari linakoroma.

Niliwahi kumwona akilipima boksi. Alilaza spika chali, akanyunyiza punje za mchele juu yake, kisha akapiga mlio mmoja mnene na kuushusha polepole. Mchele uliruka kama unakaangwa. Mara ghafla ukatulia, punje hazisogei, huku upepo ukitoka tunduni kwa nguvu ya kuzima kiberiti.

"Hapo ndipo linapopumua, Vernell," aliniambia. "Spika imepumzika, hewa ndiyo inafanya kazi."

Ulimi alikuwa nao pia. Siku moja alikuja Cleophus Yarbrough, dereva wa lori la takataka, ambaye kila mwaka alishindana kwenye mashindano ya besi za magari uwanja wa maonyesho.

"Tuggle, boksi lako linakoroma kama mjomba wangu kanisani!"

Lavelle akafungua buti, akachungulia. "Tairi la akiba umeliweka wapi?"

"Lipo hapo mbele ya tundu."

"Nikikuziba mdomo kwa tairi, wewe utaimba?"

Tulicheka mpaka Cleophus mwenyewe akakaa chini.

Mkewe alikuwa Ernestine, binti wa mama yangu mdogo, mtunza maktaba wa shule. Sauti yake ilikuwa ndogo tangu utotoni. Alikuwa akikuita, unageuka kwa kuhisi tu kwamba kuna mtu. Daktari alipompima Lavelle masikio, miaka kumi iliyopita, alimweleza bila kuficha kwamba sauti za juu zimekwisha kufa na zilizobaki ni zile nene. Atasikia radi, hatasikia ndege wakiimba. Akamwambia aache kazi ile.

"Ndege hawaniletei magari," Lavelle akajibu, na kesho yake vikombe vyangu viligongana kama kawaida.

Kwa hiyo nyumba ile ikazoea. Ernestine akiwa na neno, alikwenda kusimama mbele yake na kumshika kidevu. Akimwambia kutoka jikoni kwamba kambare ameiva, alichopata Lavelle kilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Ernestine hakulalamika. Mara moja tu aliniambia, tukiwa tunamenya viazi, "Vernell, mume wangu anamsikia kila mtu anayepita na besi barabarani. Mimi hanisikii."

Jumanne moja ya Oktoba nilirudi kutoka kazini mapema. Nilikuwa na bakuli lao, nikavuka barabara kulirudisha. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Lavelle alikuwa akilimalizia boksi jipya la Cleophus. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikamkuta Ernestine sakafuni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mguu wa meza, na vigae vilivyokuwa chini yake vilikuwa vikicheza.

"Nimemwita," akasema, kwa shida. "Tangu saa sita, nimemwita."

Saa ya jiko ilionyesha saa tisa kasorobo.

Nilipiga simu kuita ambulensi, kisha nikakimbilia gereji. Lavelle alikuwa amepiga magoti, kiganja kwenye tundu, uso umejaa furaha. Alinyanyua mkono kunizuia nisiseme kwanza.

"Sikia hiyo, Vernell! Imekaa pale pale nilipotaka!"

Nilichomoa waya ukutani. Nilimshika shati nikamvuta.

Hospitali walisema kiharusi kinahitaji kuwahiwa, na saa zile zilikuwa zimepotea. Ernestine alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umekufa, na sauti ile ndogo imebaki uzi. Midomo nayo, ambayo Lavelle alikuwa akiisoma, ilikwenda upande. Lavelle akanunua vifaa vya masikioni vya kusaidia kusikia. Vilimletea mlio wa friji na kukwaruza kwa karatasi, maneno hayakuja. Ernestine alijaribu kuandika kwa kushoto, akachoka baada ya herufi nne.

Lavelle akafunga gereji. Cleophus alikuja kulichukua boksi lake, Lavelle akamwachia bila kumtazama.

Mwezi Desemba niliusikia msumeno tena. Nikaenda. Alikuwa ameweka boksi katikati ya sebule, sabufa moja ndani, na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola ya Ernestine.

"Shemeji, unafanya nini?"

Ilibidi nirudie mbele ya uso wake.

"Nampandisha," akasema. "Nikifupisha tundu, sauti inapanda. Nitaipandisha mpaka maneno yatoke."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba besi haina maneno."

"Najua."

"Sasa?"

"Najua, Vernell. Shika huu ubao."

Nikaushika. Akakata inchi moja ya tundu, akafunga skrubu, akamwambia mkewe aseme. Nyumba ikanguruma. Akafungua, akakata tena. Alifanya hivyo mchana kutwa, jasho linamtoka na nje kuna barafu, mpaka tundu likaisha kabisa, likabaki shimo tu kwenye ubao. Kila mara Ernestine alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa mngurumo, kama gari kubwa linalopita mbali.

"Sema tena, mpenzi. Tena."

Ernestine akasema tena. Lavelle akanigeukia. "Kasema nini?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini alikuwa ananitazama mdomo.

"Amesema uache. Amesema amechoka."

Alikaa chini kwenye unga wa mbao, msumeno mapajani. Kisha akainuka akambandua kipaza sauti kwenye kola, taratibu, asimkwaruze shingo.

Ernestine alifariki Februari, asubuhi ya Jumamosi, mimi nikiwa kazini. Katika chumba walikuwa wawili tu. Siku mbili baada ya mazishi Lavelle alivuka barabara akakaa jikoni kwangu, kahawa ikapoa mbele yake.

"Alisema kitu mwishoni," akaniambia. "Nilikuwa namwangalia. Midomo ilikwenda hivi."

Akanionyesha. Midomo yake ikagusana, ikafunguka, ikasogea upande, ikagusana tena.

"Hii ni nini, Vernell?"

Akanionyesha tena, polepole zaidi. Labda aliomba maji. Labda alitaka niitwe. Labda alikuwa akimwambia asijilaumu, au akimlaumu.

"Sijui, shemeji," nikasema.

Hakusikia. Ikabidi nimshike kidevu nimwambie mara ya pili.