Vidole Vilisema Mfupi, Mpira Ukaja Mrefu

Admini, lifiche jina langu kabisa, na la huyo ndugu yangu pia, ingawa yeye hastahili kufichwa. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, niko Uvira, mtaa wa Kalundu, nauza mawese karibu na bandari. Sijaolewa. Kitu pekee kilichonivusha mpaka nikaona nchi za watu ni ping-pong. Msicheke. Nilianza utotoni kwenye meza ya saruji ya parokia, na leo niko katika timu ya klabu yetu upande wa wanawake wawili wawili. Ile ya mmoja mmoja sina mbio zake, nakubali.

Mwenzangu nimwite Furaha, si jina lake. Ni mtoto wa mama mkubwa wangu, aliyenilea mama yangu alipofariki. Ana miaka 22 na tumekula sahani moja tangu azaliwe. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika raketi. Asante ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea.

Msiojua mchezo huu nisikilizeni kidogo, maana uchungu wangu uko hapo. Mkicheza wawili mnapiga kwa zamu. Mwenzako akianzisha na mpinzani akarudisha, mpira huo ni wako, yeye haruhusiwi kuugusa. Kwa hiyo anayeanzisha hupitisha kwanza mkono chini ya meza na kumwonyesha mwenzake: kidole kimoja, mpira mfupi, viwili, mrefu. Akionyesha mfupi nasogea mezani. Akionyesha mrefu narudi nyuma, kwa sababu mrefu hujibiwa kwa nguvu. Wapinzani hawaoni, kocha haoni, mashabiki hawaoni.

Miezi minne iliyopita tulivuka kwenda Bujumbura kwenye mashindano ya nchi kadhaa. Tulifika nusu fainali ya wawili. Furaha alikuwa ameshaingia fainali ya mmoja mmoja, siku hiyo hiyo, baada ya yetu. Seti ya tano, ya mwisho, tuko sawasawa, zimebaki pointi mbili, zamu yake kuanzisha. Akanionyesha kidole kimoja. Nikasogea. Mpira ukaja mrefu, yule dada wa upande wa pili akaupiga ukanipita sikioni nikiwa nimeinama kama mtu aliyedondosha pete. Nikadhani amekosea. Akaonyesha viwili, nikarudi nyuma, akaanzisha mfupi kabisa. Nikakimbia, nikajigonga paja mezani, ukumbi mzima ukacheka. Tukatolewa. Na makosa yote yakaonekana yangu, kwa sababu mipira ile ilikuwa yangu.

Saa mbili baadaye akapata medali ya dhahabu peke yake, miguu yake mibichi kabisa. Mimi nilimshikia taulo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma!

Siku ya kurudi, tukiwa kwenye foleni ya mpakani Kavimvira, nikamwomba msamaha. Mimi! Nikamwambia pole mdogo wangu, nilikuangusha. Akacheka, akanishika bega.

"Dada, weye haukukosa kitu. Minye mwenyewe njo nilikuwa napindua vidole. Kama tungeingia mu finale ya wawili, singekuwa na miguu ya ile yangu."

"Na kwa nini haukuniambia?"

"Ungekatala. Lakini si tumeshinda? Medali iko ya nyumba yote."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, akaendelea kumenya ndizi. Hapo ndipo nilipomchukia. Angekuwa na haya ningepata pa kuanzia kumsamehe.

Kalundu walimpokea kwa ngoma. Nyumbani, mbele ya sahani ya bugali na ndagala wa ziwani na wageni wamejaa, mama mkubwa akaniangalia akasema, "Weye uliangusha mudogo wako mu ile ya wawili, lakini Mungu alimukumbuka." Furaha alikuwa amekaa hapo hapo. Akachukua tonge, akatafuna. Neno moja tu lingenitosha na hakulitoa. Kwenye klabu sasa naitwa Mlango Wazi, kila mpira unapita. Nilijaribu kumweleza kocha, akaniuliza, "Iko nani aliona?" Nani angeona chini ya meza?

Sasa kuna mashindano mengine, Dar es Salaam. Furaha amechaguliwa kote kuwili. Mimi nimechaguliwa kwa wawili tu, pamoja naye. Kocha amenieleza wazi kwamba mwaka ujao nafasi yangu inakwenda kwa wasichana wadogo. Nikikataa, nimeaga mchezo nikiwa Mlango Wazi. Nikikubali, nasimama bega kwa bega na mtu ambaye nikiusikia tu mkufu wake wa shingoni ukilia napandwa na hasira. Mama mkubwa ameshatushonea vitenge sare. Nilikubali.

Lakini niwaambie ukweli, sikukubali ili nishinde. Nataka zamu yangu ya kuanzisha ifike mbele ya ukumbi uliojaa, nimwonyeshe mfupi na nipige mrefu, naye apaparike nilivyopaparika, achekwe nilivyochekwa. Najua nitaizika na nafasi yangu ya mwisho. Kuna siku naona ni bei nzuri. Kuna siku naona mimi ndiye mjinga, maana tukicheza vizuri tunaweza kuchukua dhahabu ile, na sijawahi kuvaa medali yoyote maishani mwangu.

Msiniambie nisamehe. Padri ameshaniambia, mama mkubwa ameshaniambia bila hata kujua kosa ni lipi.

Jana baada ya mazoezi Furaha alinisogelea, akasema wapinzani huenda wameshazijua alama zetu. "Dada, tunga zingine, weye njo mukubwa. Minye nitafuata tu yenye utaonyesha." Nikazitunga. Akazirudia mara tatu mbele yangu, akacheka, akaenda kuoga.

Jumamosi tunaondoka. Ananiamini kabisa. Nishaurini ndugu zangu, nimfanye nini?