Joho la Mlinzi wa Lango

Mpwa wake alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, na Mama Cherehani hakumpa hata pole ya maana. Alimkata jicho, akaendelea kukanyaga cherehani yake iliyokaa karibu na dirisha la sebule, kisha akasema, "Ngazi ina miguu minne, wewe miwili. Sita nzima, na bado mmeanguka."

"Shangazi, usinichekeshe. Nikicheka panauma."

"Basi nuna. Mimi nanuna miaka yote na siumwi popote."

Ndivyo alivyokuwa, na msichana yule, fundi umeme aliyeanguka akifunga taa kwenye dari ya watu, alikuwa amemzoea. Baba yake msichana alimzoea pia, maana ndiye kaka aliyempokea Mama Cherehani siku alipofika mlangoni na cherehani moja na sanduku moja, ndoa ikiwa imemfia mikononi. Zamani alikuwa na duka la kushona, na mume, na shoga aliyeshinda naye dukani akimpigia pasi na kumkatia nyuzi. Halafu mume akamwambia anakwenda kumwangalia mama yake mgonjwa. Ilikuwa kweli, mama mtu aliumwa. Shoga naye akamwambia anasafiri kidogo kwa shughuli za kwao. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Wifi zake walijua kwamba hao wawili wamepanda gari moja na wamekaa kiti kimoja, lakini wakija dukani kupimwa magauni walimwambia tu, "Kaka hajambo, anakusalimu." Nayo ilikuwa kweli. Hakuna aliyemdanganya hata neno moja. Walimpa nusu nusu, na ile nusu nyingine akaja kuikuta mwenyewe imekaa kwenye kiti chake dukani, imevaa gauni alilolishona yeye.

Sasa msichana alikuwa nyumbani hana kazi, na kilichomtesa kuliko mfupa ni gemu lake. Lilikuwa kwenye televisheni ya sebuleni, gemu la nchi ya kufikirika yenye majoka, wachawi na minara, na rimoti yake inataka mikono miwili. Alijaribu kwa mkono mmoja na kidevu. Alijaribu kwa dole gumba la mguu. Mwishowe akamgeukia shangazi yake.

"Niazime vidole."

"Vidole vyangu vina kazi."

"Vya kubonyeza tu. Mimi nasoma, wewe unabonyeza. Mimi kichwa, wewe mikono."

"Siku zote mimi ni mikono ya watu," alisema Mama Cherehani, lakini aliweka mkasi chini, kwa sababu gauni alilokuwa akishona lilikuwa la mteja mwenye maneno mengi na alikuwa amelichoka.

Hadithi ndiyo iliyomnasa. Katika mji mmoja alikuwako mwanamke aliyetunza Nyumba ya Taa, taa iliyouangazia mji wote. Rafiki yake akajifanya malkia, akaizima taa, akamfukuza mwenzake nje ya lango usiku wa mvua.

Msichana alipofika hapo, shangazi aliinua kichwa. "Rafiki yake?"

"Wa kufa na kuzikana."

"Anaitwaje huyo aliyefukuzwa?"

"Jina unampa mwenyewe."

"Mwite Fundi," alisema Mama Cherehani, akavuta kiti mbele ya televisheni.

Mchezo ulikwenda hivi. Fundi anatembea, anapigana, anakutana na watu. Mtu akizungumza naye, chini ya skrini inatokea mistari ya majibu, na mchezaji anachagua mmoja. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, na hata yangekuwa ya nyumbani Mama Cherehani asingeyasoma, kwa kuwa darasani hakupata kukaa. Basi msichana anasoma, shangazi anabonyeza. Mwanzoni alibonyeza alichoambiwa, lakini utii huo haukufika hata chakula cha mchana.

Mchuuzi mmoja darajani alimdanganya Fundi njia, akampeleka kwenye mapango ya mbwa mwitu. Waliporudi kwake, msichana akasoma, "Wa kwanza, 'Nionyeshe njia ya kweli.' Wa pili, 'Sina shida nawe.' Wa tatu, unamsukuma mtoni. Chagua wa kwanza."

Mchuuzi akaingia mtoni miguu juu.

"Shangazi! Nimesema wa kwanza."

"Nimesikia. Rimoti iko kwa nani?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha bitana. Lakini baadaye walipotaka kuvuka ziwa, mwenye mtumbwi alikuwa mchuuzi yuleyule, bado amelowa, akakataa kuwavusha. Wakazunguka kwenye matope, wakaumwa na mijusi yenye sumu, nusura Fundi afe.

"Anakukumbuka," alisema msichana. "Gemu hili halisahau. Kila unachofanya linakiweka, hata kidogo, na mwisho unatokana na hayo yote. Miisho ni mingi. Mimi nimeshaona mitatu."

Mama Cherehani alitua rimoti mapajani, akaitazama televisheni kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Kumbe lina kinyongo kama mimi."

Kuanzia hapo moyo wake ukawa humo. Akikata kitambaa anawaza lango. Akila anauliza, "Hivi joka yule wa bondeni analala saa ngapi?" Kaka yake akitoka kazini anakuta mapazia yamefungwa ili mwanga usipige kwenye skrini, dada yake na binti yake wamekaa bega kwa bega wanabishana kuhusu panga. Mwalimu wa jirani alikuja kuchukua sketi yake akaambiwa asubiri kidogo, fundi wake yuko mnarani. Na alichokitaka Mama Cherehani alikisema wazi, hakukificha.

"Nataka kumwona anarudi nyumbani kwake. Akae kwenye kizingiti chake, taa iwake. Na sitaki arudi kwa kupiga magoti."

"Kuna mwisho anarudi vizuri kabisa," alisema msichana. "Ila inabidi amsamehe Malkia."

"Basi huo si wangu. Nitafutie mwingine."

Walipolifikia lango la mji walimkuta mlinzi. Hakuwa mtu wa maana, mmoja tu wa walinzi wengi, mwenye joho lililopasuka mgongoni kutoka begani hadi kiunoni. Msichana akasoma haraka, "Anasema ana baridi. Tupite tu. Ukitaka kumshonea inabidi ukatafute uzi wa fedha kwenye pango la buibui, na ukishamaliza hakupi kitu. Mimi nilimpita."

"Mtu amesimama langoni nguo imepasuka mgongoni, mimi nipite?"

"Shangazi, ni picha tu."

"Picha yenye baridi. Buibui wako wapi?"

Pango lile liliwachukua siku nzima. Buibui mkubwa alikuwa na ukubwa wa nyumba, na kila alipomrukia Fundi, Mama Cherehani alisahau vidole, akakanyaga sakafu kwa mguu kwa nguvu zote kama anakimbiza cherehani. "Kitufe, shangazi! Sakafu haipigani!" Alikufa pale mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka. Mwishowe alimweza, akiwa anatokwa jasho, kisigino kinamuuma, wakarudi langoni na uzi. Fundi akashona joho, mshono wa fedha ukabaki unang'aa mgongoni mwa mlinzi. Mlinzi akasema asante. Basi, hakuna zaidi.

"Umeona?" alisema msichana. "Patupu."

"Ameniambia asante. Wewe unajua mimi nimesikia asante ngapi?"

Wakafika siku ya mwisho, asubuhi, kaka ameshakwenda kazini. Fundi alipanda ngazi za mnara, akawashinda walinzi wa ndani mmoja mmoja, mpaka akasimama mbele ya Malkia. Malkia alikuwa ameinamisha kichwa. Muziki ukashuka, mistari ikatokea chini.

"Soma."

"Wa kwanza, 'Nimekusamehe, tuketi pamoja.' Wa pili, 'Ondoka, usiukanyage tena mji huu.'" Msichana akaondoa macho kwenye skrini. "Basi. Chagua."

Vidole havikusogea. Herufi Mama Cherehani hakuzijua, lakini macho yake yaliishi kwa kuangalia mishono, na safu iliyorukwa huiona tangu mlangoni.

"Iko mitatu," alisema.

"Huo wa tatu si kitu. Ni maelezo tu ya gemu."

"Maelezo gani?"

"Shangazi, bonyeza. Malkia anakungoja."

Rimoti ikawekwa mezani, polepole. "Hiyo miwili uliyosoma, ni kweli ndivyo ilivyoandikwa?"

"Kweli kabisa."

"Najua. Na wao hawakunidanganya."

Msichana hakuhitaji kuuliza wao ni akina nani. Uso ulimshuka.

"Wa tatu," alisema hatimaye, "'Nauchoma mnara huu, na wewe ukiwemo.' Nilishawahi kuuchagua. Mji mzima unakimbia, Fundi anabaki peke yake, majivu yanamwangukia kama mvua, na ndiyo imekwisha. Sikutaka uuone. Umehangaika mpaka hapa, halafu uishie kwenye majivu?"

"Ungenisomea. Halafu ungeniambia hayo ya majivu. Halafu mimi ningeamua."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma ya kufichwa nimeila mpaka nimekinai."

"Nisamehe, shangazi."

"Usiniharakishe. Soma tena, yote."

Msichana akasoma yote, neno kwa neno, kidole cha mkono mzima kikifuata mistari kwenye skrini. Mama Cherehani akaichukua rimoti. Aliutazama wa kwanza, akautazama wa pili. Akabonyeza wa tatu.

Moto ukapanda kama pazia lililovutwa. Kengele zikalia, watu wakamiminika mitaani na watoto mgongoni, farasi wakakata kamba. Mguu wa Mama Cherehani ulikuwa unakanyaga sakafu wenyewe, na mwili wote ulimsisimka kwa furaha ambayo hakuionea aibu. Dirisha la juu likafunguka, Malkia akaonekana, kisha moshi ukamfunika. Mji ukabaki mtupu. Fundi alisimama uani peke yake, na vipande vya kijivu vikaanza kumdondokea kichwani.

"Ndiyo haya," alisema msichana taratibu. "Sasa yatatokea maandishi ya mwisho."

Mama Cherehani hakujuta, na tusimsingizie. Lakini Nyumba ya Taa ilikuwa giza nyuma ya moshi.

Maandishi hayakutokea. Chini ya mnara, pale ambapo msichana angeapa kwamba ni ukuta mtupu, mlango mdogo ulifunguka. Mtu akatoka akipepesuka, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya nguo, na kwenye nguo hiyo mshono wa fedha uling'aa kwenye mwanga wa moto.

Msichana aliruka kutoka kwenye kiti, akagonga plasta kwenye meza, hata hakusikia. "Huyu sijawahi kumwona. Shangazi, huyu sijawahi kumwona hapa!"

"Ni yule wa lango," alisema Mama Cherehani, sauti imemtoka nyembamba. "Wa joho. Kambeba nani?"

Mlinzi akamtua Malkia chini, amevingirishwa kwenye joho, nywele zimeungua nusu. Malkia akasimama, joho likamwanguka, mlinzi akalivaa tena. Malkia akapita mbele ya Fundi bila kuinua macho, akatoka kwa lango lilelile, miguu mitupu.

"Nani kamtuma amtoe?"

"Hujamtuma. Anasema uzi wa fedha haushiki moto, ndio maana aliweza kuingia." Msichana alikuwa anasoma mbio, anameza maneno. "Subiri, bado anazungumza."

Mlinzi alimgeuzia Fundi mgongo. Joho lilikuwa na tundu jipya, kubwa, limeungua pembeni.

"Anasema, 'Limeharibika tena. Unaweza?'"

Mama Cherehani aliangua kicheko kilichowatoa majirani madirishani. Kwenye skrini watu walianza kurudi kwa lango, mmoja mmoja, na Fundi akapokea joho, akapita katikati ya majivu, akafungua Nyumba ya Taa. Alichukua kaa la moto wa mnara akaiwasha taa. Kisha akakaa kwenye kizingiti chake na sindano mkononi, na ndipo maandishi yakatokea.

"Nimecheza gemu hili lote," alisema msichana, "na sikujua mwisho huu upo."

"Ulimshonea?"

"Nilimpita."

"Basi yale majivu yalikuwa mwisho wako."

Walikaa wakiitazama ile taa ndogo inavyowaka. Baadaye msichana akasema kwa tahadhari, "Lakini Malkia hajasamehewa."

"Hajasamehewa. Amekwenda zake tu." Mama Cherehani alilipima jambo hilo na kuliona limekaa vizuri mwilini. Kisha akanyoosha vidole vyake, vikalia kimoja kimoja. "Anza tena."

"Sasa hivi? Na sketi ya mwalimu?"

"Mwalimu ana sketi nyingine. Nataka kuona huo wa kusamehe unafananaje. Kuona tu, sijasema nitaupenda."

Msichana akavuta kiti karibu. Skrini ikawa nyeusi, mvua ikaanza kunyesha mbele ya lango, na maneno madogo yakatokea chini kabisa.

"'Bonyeza kitufe chochote ili uendelee,'" alisoma.

"Hata hayo unasoma?"

"Umesema yote."

"Endelea hivyohivyo," alisema Mama Cherehani, akabonyeza.