Jiko la Moshi la Mwalimu Taratibu

Alikuwa mwalimu wa udereva, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya akiba, akiwaambia wanafunzi wake neno lile lile: "Taratibu. Taratibu, mwanangu. Taratibu, baba." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Taratibu. Waliomjua nyumbani walicheka wakisikia jina hilo, kwa sababu akishavua viatu vya kazi mama huyo hakuwa na breki hata moja. Wazo likimwingia asubuhi, chai haijapoa ameshalitafutia nyundo.

Basi kaka yake akahama nyumba yenye uwanja akaenda kuishi ghorofani, na mzigo mmoja ukamshinda kuupandisha ngazi: jiko la gesi la kubanikia nyama kwa moshi. Lilikuwa kabati la bati jeusi, refu kufika kifuani, mlango wake kama wa friji. Chini kabisa palikuwa na duara la moto wa gesi, juu yake trei ya kuwekea vipande vya kuni, kisha bakuli la maji, halafu nyavu za chuma za kupangia nyama. Kipimajoto kilibandikwa mlangoni, kioo chake kimefifia kama jicho lenye mtoto.

"Chukua, dada," kaka alisema akijifuta jasho. "Ila nakuonya, lina kichwa kigumu. Mimi limenishinda."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwasha.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Mwaka uliotangulia homa mbaya ilimlaza kitandani, na ilipoondoka iliondoka na pua yake. Hakusikia tena harufu ya kitu chochote, na chakula mdomoni mwake kikawa kama karatasi iliyolowa. Zamani alijua mkate umeiva kwa kunusa tu. Sasa aliunguza mikate ya tanuri zima naye amesimama mbele yake, akahamishiwa kwenye meza ya kufungia mikate mifukoni. Hakulalamika. Kila alichopikiwa alikisifu, "Kitamu, mama, asante," na mkewe alijua anasifu asichokionja. Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi.

"Daktari alisema pua inaweza kuamka ikichokozwachokozwa," alimwambia wifi yake, huku akilizunguka lile kabati kama mtu anayechagua ng'ombe. "Sasa niambie, kuna mchokozi wa pua kama moshi?"

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwenye mdomo uliokata kuliko mkasi wake. "Kama ni kumfukiza kaka yangu," alisema, "si umfungie humo ndani tujue moja?"

Siku ya kwanza Taratibu alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, akaona hayatoi mapovu, akausogeza mtungi mbali na jiko, akampanga kuku mzima juu ya wavu, akawasha. Hakupata hata nafasi ya kunawa mikono. Zile kuni, badala ya kufuka, zilishika moto. Ndimi zikamlamba kuku kuanzia miguuni, na moshi ukafumuka kwenye kingo zote za mlango.

"Wifi!" sauti ilipaa kutoka ng'ambo ya ukuta. "Friji yako inaungua!"

Kuku alitoka mweusi nje, mbichi ndani. Mumewe akachuna sehemu iliyoiva, akatafuna, akasema, "Kitamu, mama." Taratibu akaingia chumbani, akafunga mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakakaa zaidi ya kicheko.

Kesho yake alikuwa garini na mwanafunzi aliyeliondoa gari kwa kurukaruka kama chura. "Klachi ina katikati yake," alimwambia. "Itafute hapo katikati." Papo hapo wazo likamgonga. Jiko lake halikuwa na katikati! Hata akilipunguza hadi mwisho, mwali ulibaki mkubwa. Jioni hiyo hiyo alikuwa dukani kwa fundi gesi, naye akamfungia kwenye mpira koki ndogo inayozunguka polepole. Walipoijaribu uani, mwali ulishuka, ukashuka, mpaka ukawa shanga za buluu zilizopangwa duara.

"Ona! Ona!" Taratibu alimvuta mumewe mkono. "Limekubali!"

Tangu hapo hakushikika. Trei nyembamba aliitoa, akaweka kikaango kizito cha chuma chenye kifuniko, na kuni zikaacha kuwaka zikaanza kufuka. Upepo ulipozima mwali, alifunga gesi, akaacha mlango wazi mpaka harufu yote ikatoka, kisha akasimamisha kipande cha bati upande unakotoka upepo. Ndani akatundika kipimajoto cha tanuri karibu na nyama, akagundua kile cha mlangoni kilikuwa mwongo wa kutupwa.

Mlango uliendelea kuvuja. Akahangaika nao kwa matambara na kwa unga uliokandwa, wifi akicheka ukutani, mpaka siku mumewe alipoinama akapitisha kiganja kwenye kingo.

"Tanuri letu lilikuwa hivi hivi," alisema. "Tuliliziba kwa kamba nene isiyoungua. Kipande kilichobaki kipo stoo. Nikuombee?"

Aliileta kesho yake. Wakaibandika pamoja, yeye akiibana kwa kidole gumba, mkewe akipaka gundi ya kuhimili moto, wakibishana kuhusu kona. Siku nyingi Taratibu hakuwa amemwona mumewe akibishana juu ya jambo lolote. Moyoni akasema, hata pua isiporudi, hili nimelipata.

Jumapili iliyofuata zile kuni za kununua zilikuwa zimekwisha. Taratibu akaokota matawi makavu ya mpera yaliyokatwa kwa wifi, akayachanja, akayatia kikaangoni, kuku akapangwa, mlango ukafungwa. Moshi mwembamba ukapanda kwenye tundu la juu, mweupe, bila haraka. Mumewe alikuwa chumbani akipiga pasi.

Mara akatokea mlangoni, shati amelivaa mkono mmoja.

"Mama, umebadilisha kuni?"

"Ndiyo, leo ni mpera," Taratibu alijibu bila kugeuka. Kisha koleo likamponyoka. Akageuka. "Nani amekwambia?"

"Hakuna."

"Umeziona?"

"Nimeziona wapi? Nilikuwa napiga pasi." Alikuwa ameweka kidole juu ya pua, kama anayeogopa kuimwaga. "Kuna kitu. Kwa mbali. Kama utamu hivi, ndani ya moshi."

"Wifiii!" Taratibu alipiga ukelele uliowarusha njiwa juu ya paa.

Wifi alikuja mbio, pini bado midomoni. Wakamkalisha mgonjwa wao kwenye stuli, wakamfunga macho kwa mtandio, wakaanza kumletea vitu. Sabuni: hakuna. Kahawa: hakuna. Kitunguu kilichokatwa: "Subirini... kama kipo, kama hakipo." Taratibu akakimbia ndani, akarudi na kitu nyuma ya mgongo, akakisogeza.

Mumewe alirudisha kichwa nyuma. "Hicho ni kiatu chako cha kazi!"

"Aa, hicho hata marehemu angekinusa!" wifi alisema, na wote watatu wakacheka mpaka stuli ikaanguka na aliyekuwa juu yake.

Kuku alitoka wa rangi ya asali iliyoiva, ngozi imejivuta, nyama ikiachia mfupa yenyewe. Mume akatafuna polepole. Wanawake wawili wakamkazia macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Moshi ninausikia," alisema. Akatafuna tena, akakunja uso. "Na chumvi umezidisha, mama. Umezidisha sana."

Taratibu alimrukia shingoni.

"Makubwa haya," wifi alisema, akijichukulia paja. "Mwanamke anaambiwa kaharibu mboga, anafurahi kama bibi harusi."

Pua haikurudi kwa mkupuo. Ilirudi vipande vipande, vitu vilivyoungua kwanza, kitunguu baadaye, kahawa ikagoma muda mrefu. Kila Jumapili walijaribu kuni nyingine, mume akiwa amegeukia ukuta na kubahatisha, akikosea na kupatia. Akaanza kusogea karibu na tanuri kazini. Mwishowe akamwomba msimamizi amrudishe, na mwenzake akasimama naye kwa muda, endapo pua ingemsaliti.

Jioni moja aliingia uani na mkate ndani ya koti, bado wa moto. Upande mmoja ulikuwa umeiva kupita kiasi.

"Huu nimeutoa mwenyewe," alisema. "Kwa pua."

Waliumega kwa mikono, wakaula wamesimama, bila siagi, bila kitu, mpaka ukabaki ule upande mweusi, nao wakagawana.